Tuliyojifunza Katika Maonyesho ya Kilimo ya Jinja

Wakulima wengi wa Busia na Malaba wamekwisha kwenda katika maonyesho ya kilimo mara moja au zaidi. Wengine wamekwenda Kakamega, wengine Kisumu, wengine Kitale, na wako waliovuka mpaka wakaenda Jinja katika nchi ya Uganda, mwendo wa kama kilometa 120 kutoka mjini Busia. Lakini ukimwuliza mtu aliyerudi kwamba ameleta nini, mara nyingi atakuonyesha kofia, kalenda yenye picha ya trekta, na makaratasi ambayo hayajasomwa na ambayo mwisho wake ni kuwashia moto. Nauli imekwisha, siku mbili za kazi zimepita, na shamba liko vile vile.

Nitaeleza hapa jinsi kikundi kimoja cha wakulima cha upande wa Malaba kilivyokwenda Jinja na kurudi na jambo la kufaa. Mimi ni karani tu katika ofisi ya kilimo, nami nilikwenda pamoja nao ili niandike habari. Hapo kwanza nilifunzwa kazi ya ualimu, basi msomaji anisamehe ikiwa hesabu zitakuwa nyingi.

Maonyesho si jambo jipya kwetu. Chama cha Kilimo cha Kenya kilianzishwa mwaka 1901, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Nairobi mwaka 1902. Siku zile yalikuwa ya walowezi, na kazi yake kubwa ilikuwa kushindanisha ng'ombe na mazao. Ndugu zetu wa Tanzania wana Nane Nane, kila tarehe 8 Agosti. Maonyesho ya Jinja huandaliwa na Shirikisho la Taifa la Wakulima wa Uganda, na kwa miaka mingi yamefanyika mwezi wa Julai. Ng'ombe bado wako, tena wazuri wa kutazama. Lakini siku hizi maonyesho ni soko. Wenye mbegu wako, wenye mashine wako, mabenki yako, na wanunuzi wa mazao wako pia. Mtu akienda kutazama ng'ombe tu, amekosa nusu ya maonyesho.

Kikundi hicho kina wanachama 40. Kila mmoja alitoa shilingi 200, zikapatikana shilingi 8,000, na watu wanne wakachaguliwa: mwenyekiti ambaye ni mzee wa miaka mingi, akina mama wawili, na kijana mmoja. Jambo walilofanya kabla ya kuondoka ndilo lililonipendeza kuliko yote. Walikutana chini ya mwembe, wakaulizana, "Shida yetu kubwa ni ipi?" Wakakubaliana kwamba shida ni soko la mahindi. Msimu uliotangulia walikuwa wamekusanya mahindi ya lori zima, wakayapeleka kwa msagaji mmoja, naye akayakataa mlangoni kwa kusema kwamba yana maji. Wakalipa lori kwenda na kurudi, kisha wakauza mahindi yale kando ya barabara kwa bei ya hasara. Kwa hiyo kila mjumbe alipewa swali lake la kuuliza na daftari ya kuandikia jibu. Hakuna aliyetumwa "kwenda kuona" tu.

Kuvuka mpaka hakukuwa na taabu. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Asiye nacho asijaribu kupita njia za panya, maana akikamatwa, nauli ya kikundi kizima imepotea pamoja naye.

Sasa nieleze habari ya meza ya mahindi, kwa kuwa hapo ndipo tulipokaa karibu asubuhi nzima.

Mfanyabiashara mmoja anayenunua mahindi Uganda na kuyauza kwa wasagaji wa Kenya alikuwa ameweka sahani mbili za mahindi juu ya meza. Alimwamkia mwenyekiti wetu kwa heshima, kisha akamwuliza, "Mzee wangu, mahindi yenu huko kwenu mnayakausha mpaka kiasi gani?"

Mzee akajibu, "Mpaka yakauke."

"Yakauke kwa mkono au kwa kipimo?"

Watu waliosimama pale wakacheka, lakini yule mfanyabiashara hakucheka. Alimwomba mzee achague sahani iliyokauka vizuri. Mzee akatia mkono katika sahani zote mbili, akayachezesha mahindi yapate kulia, akatafuna punje moja moja, akachagua sahani ya kushoto. Mama mmoja wetu alichagua hiyo hiyo. Ndipo mwenye meza akatia mahindi katika kipima unyevu, chombo kidogo cha kutumia betri. Sahani ya kulia ilionyesha 13.2 kwa mia. Ile ya kushoto ilionyesha 16.8 kwa mia.

Kipimo kinachokubaliwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ni kwamba maji yasizidi 13.5 kwa mia. Jino na mkono haviwezi kutambua tofauti hiyo, hata kwa mtu aliyelima mahindi miaka 40. Mzee hakuona haya. Alisema mbele ya watu, "Basi ndiyo sababu lori letu lilirudishwa," akaomba aonyeshwe tena.

Wakulima wengi wakikatwa bei kwa ajili ya maji hudhani kwamba wameibiwa. Wengine huibiwa kweli, ndiyo maana yafaa kuijua hesabu yenyewe. Chukua kilo 100 za mahindi yenye maji 18 kwa mia. Ndani yake mna kilo 18 za maji na kilo 82 za chakula. Ukiyakausha mpaka 13.5 kwa mia, kile chakula cha kilo 82 hakipungui, ila sasa ni sehemu 86.5 katika kila 100. Gawanya 82 kwa 86.5, kisha zidisha kwa 100, utapata karibu kilo 94.8. Maana yake zaidi ya kilo 5 katika kila 100 zilikuwa maji ya ziada. Mnunuzi hawezi kulipia maji hayo kwa bei ya mahindi. Lakini akikukata kilo 10 badala ya 5, sasa unaweza kumwuliza kwa adabu ameipataje hesabu yake.

Tena maji si shauri la uzito peke yake. Mahindi mabichi huota kuvu, na katika kuvu mnatokea sumu iitwayo aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni na Kitui watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Watu wa Busia na Malaba wanakumbuka pia mwezi wa Machi 2021. Tarehe 5 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu za kuvu. Baada ya siku chache zuio likaondolewa kwa masharti: mwenye kuingiza mahindi aandikishwe, aonyeshe mahindi yametoka wapi, na awe na cheti cha kuthibitisha kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 katika bilioni.

Sehemu 10 katika bilioni ni kiasi gani? Kijana wetu aliuliza, na nikamfanyia hesabu palepale juu ya boksi la soda. Ni sawa na gramu 1 katika tani 100 za mahindi. Tani 100 ni magunia zaidi ya 1,100 ya kilo 90. Chukua chumvi kidogo kwa ncha za vidole, uitawanye katika magunia hayo yote, na hapo umefikia mpaka wa sheria. Ndiyo sababu magunia machache yenye kuvu, yakichanganywa na mengine, huweza kuharibu lori zima.

Msomaji wa upande wa Kenya asiseme kwamba masharti hayo yaliwahusu Waganda tu. Msagaji wa Kisumu au Eldoret hupima mahindi ya kila mtu. Mahindi ya Uganda yanapita mlangoni petu kila msimu, na mara nyingi kwa bei ndogo kuliko yetu. Kwa bei hatuwezi kushindana nayo sana. Kwa ukavu na usafi tunaweza, na kwa njia moja sisi tu karibu zaidi na msagaji: lori letu halisimami mpakani.

Kipima unyevu si cha bei ya mtu mmoja, bali kikundi chaweza kukinunua. Kwa asiyekuwa nacho, tuliuliza juu ya jaribio la chumvi, nalo ni hili. Tafuta chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Kausha chumvi ya kawaida katika kikaango, uiache ipoe. Tia mahindi yapate theluthi moja ya chupa, na vijiko vichache vya chumvi. Funga, utikise kwa nguvu muda wa dakika moja, kisha uache dakika 15. Ikiwa chumvi imeshika kwenye kioo, mahindi yana maji zaidi ya 15 kwa mia. Ikiwa haikushika, yako chini ya 15. Angalia vizuri: jaribio hili halikwambii kama umefika 13.5. Linakwambia tu kwamba bado ni mabichi, au kwamba umekaribia. Chumvi isiposhika, uanike tena siku nzima ya jua, kisha upeleke kidogo yakapimwe kwa chombo, kama vile katika ghala la Bodi ya Nafaka.

Kuanika ni juu ya turubai, si juu ya udongo wala kando ya lami. Udongo una kuvu, na lami ina moshi, vumbi na matairi. Yatandaze yawe membamba, uyageuze mara kwa mara, na jioni uyafunike kabla ya umande.

Hapo hapo palikuwa na mtu wa kuuza mifuko isiyopitisha hewa, ambayo fukusi na dumuzi hufa ndani yake kwa kukosa hewa, bila dawa. Mifuko hiyo ni mizuri. Lakini mwuzaji aliisifu sana hata akasahau kusema jambo moja, nasi tulilazimika kumwuliza: je, mahindi mabichi yakitiwa humo? Akakubali kwamba yataoza. Mfuko huo huhifadhi mahindi makavu. Haukaushi.

Swali la pili lilikuwa la mama mmoja wetu. Alimwuliza yule mfanyabiashara, "Baba, ukitaka mahindi, unataka magunia mangapi?" Akajibu kwamba hawezi kutuma lori kwa chini ya tani 10. Tukafanya hesabu: tani 10 ni magunia 111 ya kilo 90. Ikiwa kila mkulima ana magunia 6 ya kuuza, watahitajika wakulima 19, na wote wawe wamekausha sawasawa. Akaeleza anavyofanya. Hupanda juu ya lori, akachoma gunia hapa na pale kwa bambo, magunia ya juu, ya kati na ya chini, akachanganya sampuli na kupima. Gunia la mtu mmoja mvivu laweza kuangukiwa na bambo, na watu 18 wengine wakarudi nyumbani na mahindi yao. Jibu hilo liliwanyamazisha wajumbe wetu kwa muda. Nadhani kila mmoja alikuwa akimfikiria jirani fulani.

Juu ya vipimo, kumbuka kwamba upande wetu gunia huhesabiwa kilo 90, na upande wa Uganda aghalabu ni kilo 100. Tuseme mtu anakupa shilingi 3,600 kwa gunia la 90 na mwingine shilingi 3,800 kwa gunia la 100. Wa pili anaonekana mkarimu, lakini wa kwanza analipa shilingi 40 kwa kilo na wa pili 38. Uliza bei ya kilo. Gorogoro na debe tuyaache yabaki sokoni.

Mahali pa mashine palikuwa na kelele na watu wengi kuliko pote. Kijana wetu alitaka sana mashine ya kupukuchua mahindi. Mwuzaji alisema yafanya magunia mengi kwa saa, na mbele ya watu ilifanya hivyo kweli, kwa magunzi makavu yaliyochaguliwa. Kijana alikuwa na maswali yake katika daftari: vipuri vinapatikana Busia au Kampala tu? Yanywa mafuta kiasi gani kwa saa? Nikiinunua Uganda, ikiharibika Kenya nani ataitengeneza? Kwa swali la mwisho hakupata jibu la kutosha. Kisha tukafanya hesabu. Tuseme mashine ni shilingi 90,000, na kupukuchua gunia ni shilingi 50. Toa shilingi 20 za mafuta na mfanyakazi, zinabaki 30. Ili kurudisha 90,000 yahitaji magunia 3,000. Kijiji chao hupata kama magunia 600 kwa mwaka. Hiyo ni miaka mitano, kama haikuharibika hata siku moja. Kijana akafunga daftari. Mashine ni nzuri, lakini ni ya vikundi vitano pamoja.

Jambo lingine ni zito, nami naomba lisomwe kwa makini. Katika maonyesho kuna mimea mizuri: mihogo yenye mizizi mikubwa, migomba, viazi. Mtu huona aibu kurudi mikono mitupu, akakata vijiti vitatu vya mihogo na kuvificha ndani ya mkoba. Asifanye hivyo. Katika miaka ya 1990 ugonjwa mkali wa batobato ya mihogo ulienea kutoka Uganda ukaingia magharibi ya Kenya, na watu wa sehemu zetu waliacha kupanda mihogo kwa kuwa haikutoa kitu. Ugonjwa huo huchukuliwa na nzi weupe, lakini pia huchukuliwa na mtu mwenyewe katika vijiti vya kupanda. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ulikuwa umefika kwetu. Machipukizi yenye ugonjwa na panga lisilosafishwa hueneza mnyauko huo. Mche waweza kuonekana mzima na huku una ugonjwa ndani. Ukipenda mbegu fulani, andika jina lake, kisha umwulize bwana shamba au bibi shamba kama ipo Kenya. Kituo cha utafiti cha Alupe kiko karibu nasi. Na kama ni lazima itoke nje, KEPHIS ndio wenye kutoa ruhusa ya kuingiza mimea, nayo huombwa kabla ya safari.

Mwishoni mama wa pili alikuwa na swali la mpaka, kwa kuwa yeye huuza njugu na simsim. Aliambiwa hivi. Katika Jumuiya kuna utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa ikiwa imo katika orodha iliyokubaliwa, imetoka katika nchi za Jumuiya, na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha asili palepale mpakani, na haitozwi ushuru wa forodha. Wengi hudhani kwamba basi hakuna kingine. Kiko. Ukaguzi wa afya ya mimea na wa ubora unabaki, kwa mdogo na kwa mkubwa. Kituo cha pamoja cha Busia, ambacho kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi wa Februari 2018, kimeziweka ofisi za nchi mbili mahali pamoja, na Malaba ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mama mwenye gunia mbili za njugu anaweza kuulizia yote katika jengo moja. Kupita kando ya kituo huonekana rahisi mpaka siku mzigo unapokamatwa.

Wajumbe walirudi siku ya Jumamosi, na Jumanne wakatoa habari mbele ya wanachama wote. Walisoma kutoka katika daftari, mmoja baada ya mwingine, na watu wakauliza maswali mpaka giza. Mtu mmoja alilalamika kwamba shilingi zake 200 zimeleta maneno matupu, hata kofia hakuna. Mzee mwenyekiti akamletea chupa, chumvi, na mahindi kutoka ghala lake yule yule mlalamikaji. Chumvi ikashika kioo chote.

Mkutano ukaamua kununua turubai nne na kipima unyevu kimoja kwa kushirikiana na kikundi cha jirani. Tena ukaamua kwamba gunia lolote litapimwa kwa bambo nyumbani kwa mwenyewe kabla halijaingia katika ghala la kikundi, na likizidi 13.5 litarudi juani, liwe la mwenyekiti au la nani.

Kipima unyevu kinakaa nyumbani kwa mama mweka hazina. Wanachama hupimiwa bure, na wasio wanachama hulipa shilingi 10 kwa gunia kwa ajili ya betri. Kabla ya kila mavuno hukipeleka penye kipima kingine, wakapima mahindi yale yale kwa vyombo vyote viwili, maana chombo nacho huweza kukosea. Mara ya kwanza walipofanya hivyo tofauti ilikuwa nusu kwa mia, nao wameiandika kwa wino juu ya kifuniko chake.